Pingili za Cheni ya Kaka Kasian

Paskazia alipata siku moja tu ya mapumziko kwa juma, na ya juma hili ilikuwa ikiishia katika duka la vipuri, simu mkononi, akitafuta cheni za mpira za mashine ambayo hajawahi hata kuigusa. Siku nyingine zote alipika chai na kufuta meza katika ofisi moja ya Oud Metha. Lakini kwao Mbinga waliamini kwamba aliyefika Dubai hana asilolijua. Walikwisha kumwagiza dawa ya ng'ombe, shela ya harusi, hata meno ya bandia ya shangazi.

Safari hii alikuwa kaka yake, Kasian. Cheni moja kati ya mbili zinazotembeza ekskaveta yake ndogo ya kuchimbia mitaro ilichanika waya zikachomoza, na mtaro wa maji wa kijiji ukaishia katikati. Mwenyekiti alimpa neno la mwisho: cheni zisipopakiwa kwenye meli ya leo, kazi anapewa mwingine.

"Sista, namba?" Mubin, mwenye duka, aliuliza tena.

Namba huchapwa upande wa ndani wa cheni: upana, nafasi kati ya pingili za chuma, na idadi ya pingili zenyewe. Hiyo ya mwisho ilikuwa imelika. Ilibidi pingili zihesabiwe.

"Themanini na nne," alisema Kasian kwenye simu, kutoka Mbinga.

"Mwanzo ulisema sabini na tisa, kaka."

"Basi chukua ya katikati."

"Cheni si mchele! Ikizidi inachomoka, ikipungua haiingii. Ulipoanza kuhesabu uliweka alama?"

Hakuwa ameweka. Kumbe asubuhi nzima alikuwa akiizunguka cheni ile kama mtu anayetafuta pembe ya duara.

"Mdogo wangu, kuhesabu nimekufundisha mimi. Leo unanifundisha?"

Nje, dereva wa wakala wa mizigo alipiga honi. Bandari ya Al Hamriya ilikuwa ikimsubiri.

"Yalla, sista," Mubin alihimiza. "Na mzigo ukitoka hapa haurudi. Khalas."

"Kaka, mpe simu wifi."

Edna, mke wa Kasian, hakubishana. Alifunga kitambaa kwenye pingili ya kwanza, akawasha video, akaanza kupitisha kidole pingili baada ya pingili. Paskazia akahesabu kwa sauti. Walipofika hamsini na kitu, Kasian akadakia: "Hiyo mmeiruka! Halafu, Paskazia, huko hakuna za kijivu?"

Hesabu ikapotea. Wakaanza upya. Kwenye thelathini akaingia tena.

"Kaka, nyamaza!"

Tangu azaliwe hakuwahi kumwambia hivyo. Kidole cha Edna kilisimama hewani.

"Endelea, wifi," alisema Paskazia.

Kidole kiliporudi kwenye kitambaa, zilikuwa themanini kamili.

"Moja au mbili?" aliuliza Mubin.

"Moja!" Kasian alipiga kelele. "Ile nyingine bado ina nguvu!"

"Mbili," alisema Paskazia. "Upande mmoja mpya, upande mmoja kuukuu, mashine itakwenda kombo."

Cheni zikapakiwa, gari likaondoka. Kasian alijikohoza.

"Unaona? Themanini. Si ndivyo nilivyosema tangu asubuhi?"

Paskazia akakata simu. Ikaita tena, Kasian huyo huyo, kabla hajaitia mkobani.