Saa ya Kitufe na Mkono wa Yule Mwanamke

Sisemi jambo la kuambiwa. Nililishika kwa vidole vyangu mwenyewe, pale Mzenga, enzi za Mwingereza. Asiyetaka kuamini aache, sitambembeleza.

Mume wangu, Mwalimu, alikuwa mganga wa kitabu. Aliandika kombe: aya kwa zafarani ndani ya sahani nyeupe, mgonjwa anasuuza kwa maji, anakunywa. Kalamu yake ilikuwa ya mwanzi, akiichonga mwenyewe. Rafiki yake, dresa mmoja, mfunga vidonda wa zahanati ya Kibaha, alitembea na kalamu ya wino mfukoni. Wakikaa barazani ni kubishania kalamu na saa mpaka uji unapoa. Dresa husema mwanzi ni wa zamani za Nuhu. Mwalimu humjibu kwamba kalamu yake inatapika kama mtoto aliyeshiba. Lakini kwa saa Mwalimu alishindwa. Dresa alikuwa na saa ya mkono yenye kitufe: ukibonyeza, mshale mwembamba unakimbia, ukibonyeza tena, unasimama hapo hapo. Akiipimia mapigo ya wagonjwa. Mwalimu aliitamani mpaka akatoa baiskeli yake ili aipate. Gulioni tukawa tunakwenda kwa miguu, yeye na saa yake mkononi.

Tangu hapo kila mgonjwa alishikwa mkono kwanza, saa ikatazamwa, ndipo kombe likaandikwa. Hilo halikunisumbua. Mpaka alipoanza kuja yule mwanamke.

Alisema yeye ni mjane wa upande wa Mkuza, hapati usingizi. Alikuja jua likizama, kanga safi, miguu haina hata vumbi la njia. Wengine Mwalimu aliwashika mkono kidogo akaachia. Huyu? Alimshika mpaka mimi nikawasha taa. Anabonyeza, anasimamisha, anaanza upya, kainama kama anayesikiliza mlangoni. Wewe ungekuwa mke ungesemaje? Nikamuuliza anatafuta nini kwa huyo mwanamke. Akasema hajamaliza kumpima. Kisha akaanza kukonda, chakula hali, maneno hana. Majirani wakaniambia nijiandae kupokea mke mwenza.

Magharibi moja mwanamke alifika Mwalimu kaenda msikitini. Saa alikuwa ameivua wakati wa kutawadha, iko juu ya kigoda. Nikamkaribisha mgeni jamvini.

"Leo nakupima mimi," nikamwambia. "Mkono wa mwanamke ushikwe na mwanamke mwenziwe."

"Una wivu, dada."

"Ninao. Lete mkono."

Akaleta. Nikaweka vidole vitatu pale nilipomwona Mwalimu akiweka, nikabonyeza. Mshale ukazunguka duara zima. Nikakandamiza zaidi. Ukazunguka tena. Wallahi, wajukuu zangu, palikuwa kimya. Ngozi laini kama yangu, lakini ndani hakuna kinachogonga. Nikajishika mwenyewe: mshipa unadunda kama mchi kinuni. Nikarudi kwake: kimya. Ndipo nikajua mume wangu alikuwa akitafuta nini jioni zote zile. Maskini, alidhani yeye ndiye hajui kupima.

Mwanamke akanitazama bila hasira.

"Ungemwacha kidogo tu," akasema, "angenipa mapigo yake."

Akainuka, akapita katikati ya mihogo, na jani hata moja halikutikisika.

Mwalimu aliporudi sikumsalimu, nikamkamata mkono. Mapigo yalikuwapo, lakini mbali, kama mtu anayegonga nyumba ya jirani. Yalichukua masika yote kurudi karibu. Alipona, ila hakunisamehe kwamba yule mwanamke hakurudi tena. Jioni aliketi ameielekea njia ya Mkuza, na mimi nikiota moto wa wivu mpaka nikamzika. Mke mwenza aliye hai utamkuta kisimani mtukanane yaishe. Huyu ningemkuta wapi?

Vidole vyangu vitatu hivi havijapata joto tena. Naepua chungu kwavyo, sisikii kitu. Nawe ukimwona mwenzio anashika mkono wa mgeni akakawia kuuachia, usikae jikoni ukanuna. Nenda ukaushike mwenyewe. Na usiposikia kitu ndani, achia upesi. Mimi nilichelewa.