Sindano za Hamnazo

Katika chumba kile cha kushonea suti, cherehani ya pili kutoka dirishani ilikuwa ya mwanamke waliyemwita Hamnazo. Aliyembandika jina hilo ni jirani yake, fundi mkongwe wa kazi za mkono, ambaye naye walimwita Milimita, maana kosa la upana wa uzi halisamehe. Mteja afoke, mama wa watu anashona. Umbea upite, anashona.

"Huyu masikio huyaacha nyumbani," Milimita alizoea kusema.

Kilichomuudhi zaidi ni sindano. Kila asubuhi alizikuta saba nane kwenye kimto chake cha kuchomekea sindano, zimeshatungwa uzi.

"Wewe mama, umesahau tena vitu vyako kwangu."

"Nimeghafilika, Fundi. Zitumie tu."

"Iko siku utasahau kichwa."

"Nacho nitakuja kukiokota kwako."

Akazitumia, mwezi baada ya mwezi, huku akinung'unika.

Kisha Hamnazo akaomba ruhusa ya siku tatu, akamuuguze dada yake. Asubuhi hiyohiyo bosi akaleta koti la bwana harusi, vitundu vya vifungo vishonwe kwa mkono, mwenyewe analifuata saa sita. Bosi huyo mwaka jana tu alimpumzisha kazi mkataji wa vitambaa kwa sababu ya macho kufifia.

Milimita alilamba uzi, akalenga. Ukapita kando. Akalenga tena, na tena, jasho likamtiririka. Hapo akajiuliza ni lini mara ya mwisho alitunga uzi mwenyewe, asikumbuke.

Alifungua droo kutafuta nta, akakuta kikopo asichokijua. Ndani mna sindano zenye nyuzi tayari, nyeusi, kijivu, buluu, za kumtosha siku tatu.

Mtu aonaye akajifanya haoni, tunasema kajitia hamnazo, na mara nyingi tunamlaumu. Milimita alikuwa amelitupa neno hilo miaka minne kama kokoto. Alishona vitundu vyote taratibu, akimwombea mgonjwa asiyemjua. Koti likatoka saa sita kasorobo.

Siku ya nne Hamnazo akarudi.

"Dada hajambo?"

"Sasa anakula, Fundi."

"Ulisahau kikopo chako kwenye droo yangu."

"Mawazo ya mgonjwa hayo."

Milimita alitaka kushukuru, lakini aliona akitamka shukrani atalifunua lile ambalo mwenzake amelifunika kwa uangalifu wote huo. Akavuta suruali ya kupinda.

"Basi kesho ukisahau," akasema, "usahau nyeusi zaidi."

Mama wa watu akaendelea kushona, kama hakusikia.