Oili Iliyopotea Bila Kumwagika

Mwanangu, nakumbuka asubuhi moja ambayo nikiifikiria hata leo nacheka peke yangu. Ni asubuhi ambayo gari la Mama Atim liliingia gereji yetu ya Kisenyi, Kampala, likijikokota, injini ikinguruma kwa nguvu zote na magurudumu yakienda taratibu, moshi mweupe ukiwafunika wauza chai wa pale kona. Kaa nikusimulie, maana wewe umeanza ufundi juzi tu na tayari unaringa na hicho kimashine chako cha kusomea magari.

Wakati huo nilikuwa msichana, fundi wa gia mwenye mikono hodari. Baba yangu alikuwa sajini, mtu wa kaskazini mwa Uganda, na Kiswahili nilikipata kambini kwa wanajeshi. Pale gereji kilinifaa sana, kwa sababu kulikuwa na Waganda, Wakenya na sisi wa kaskazini, na kila mtu alitaka kutukanwa kwa lugha anayoielewa. Waliniita Binti Sajini.

Sasa, ni lazima ujue gereji yetu ilivyokuwa. Njia nyembamba ilipita katikati. Upande huu walikaa mafundi wa gia chini ya Mzee Sadiki, bosi wangu. Upande wa pili walikaa mafundi wa injini chini ya Fundi Wafula, Mkenya mmoja mwenye kicheko kikubwa. Wazee hawa wawili walikuwa hawasemeshani. Kisa? Jeki. Wafula aliazima jeki yetu ikarudi imepinda, Mzee Sadiki akasema maneno, na tangu hapo hakuna fundi aliyevuka njia. Gari likihitaji pande zote mbili, mwenye gari ndiye aliyepeleka habari huku na huku, naye masikini hajui hata anachokipeleka.

Mama Atim alikuwa mjane wa polisi. Marehemu alimwachia watoto na gari hilo la otomatiki, kuukuu hata wakati huo, naye badala ya kuliuza akajifunza kuendesha na kubeba abiria wa kukodi kutoka Bukoto. Ndilo lililosomesha wale watoto. Likifa, shule imekwisha.

Mzee Sadiki alilijaribu, akatikisa kichwa. "Nyabo, mama yangu, giaboksi imekufa. Oili tunaongeza, inakwisha, tunaongeza tena. Gia inateleza. Hii haina dawa."

Mama Atim akavuka njia. Wafula akatazama moshi, akasema, "Mama, pole sana. Injini imechoka, inakula oili. Ringi za pistoni zimeisha."

Mama akaanza kurudi upande wetu, akasimama katikati ya njia, mikono kichwani. "Banange! Yaani gari yangu imekufa mara mbili?"

Watu walicheka, lakini mimi nilimwona macho. Alikuwa amekwisha kuongea na mnunuzi wa vyuma chakavu, na mtu huyo angekuja baada ya sala ya adhuhuri na mitungi yake ya gesi ya kukatia. Nilikasirika, mwanangu. Sikujua namkasirikia nani, ila nilikasirika, na mimi nikikasirika huwa nafanya kazi vizuri.

Nilisogeza gari mahali tambarare, nikaacha injini ikiunguruma mpaka ikapata moto, nikavuta kijiti cha kupimia oili ya gia. Hapo ndipo wengi wanakosea: wanapima injini ikiwa imezimwa, au gari likiwa limeinama, halafu wanakuapia oili imejaa. Kijiti kilitoka kikavu, nayo oili ilikuwa imeongezwa juzi tu. Nikazima injini, nikatandika boksi la karatasi, nikaingia chini ya gari. Nikapapasa kote, kwenye bakuli la oili chini ya giaboksi, kwenye mabomba yanayoenda kwenye redieta. Palikuwa pamejaa vumbi, na vumbi lilikuwa kavu; oili haikuvuja popote.

Nikatoka na nywele zimejaa uchafu. "Mama, hii moshi na gia kuteleza, nini ilianza kwanza?"

Akafikiri. "Zilikuja pamoja. Siku moja napanda kilima ya Kansanga, nyuma ikawa nyeupe, na gari ikakataa kuvuta."

Pamoja! Mzee Sadiki aliuliza habari za gia tu, na Wafula akauliza habari za moshi tu. Nikafuta mikono, nikavuka njia.

Usione kitu kidogo. Nyundo zilinyamaza. Nilimsikia Mzee Sadiki nyuma yangu akisema, "Binti Sajini, wewe unaenda wapi?" Sikujibu, maana ningejibu ningerudi. Nilijua kabisa kwamba nikikosea, upande wetu hawatanitaka tena na upande wa pili watanicheka.

"Fundi Wafula," nikasema, "kama injini inakula oili yake, basi oili ya injini imepungua. Ulipima?"

Akacheka kile kicheko chake, kisha akaacha kucheka. "Nilipima, dada. Imejaa. Hata mimi nilishangaa."

"Basi hiyo moshi ni ya oili gani?"

Mwanangu, ile furaha ya kuona sura ya fundi mzima inabadilika mbele yako, sikuombei uikose. Alichukua spana yake akavuka njia, yeye mwenyewe, kwa mara ya kwanza tangu habari ya jeki, tukaingia chini ya gari pamoja.

Magari yale ya zamani yalikuwa na kikopo kidogo ubavuni mwa giaboksi, na mpira mwembamba uliotoka hapo kwenda kwenye injini. Injini ilivuta hewa kupitia mpira huo, na kwa mvuto huo giaboksi ikajua mzigo ni mkubwa au mdogo. Ndani ya kikopo mlikuwa na ngozi laini ya kutenganisha hewa na oili. Nikauchomoa mpira. Ulitakiwa uwe mkavu. Ukanimwagia oili nyekundu ya gia usoni, mpaka mdomoni.

Nikapiga kelele chini ya gari. Wakadhani nimeumia, wakaja mbio, Mzee Sadiki mbele yao. Nikatoka nimejipaka nyekundu, nacheka nusura nizimie. "Haijafa! Ngozi imechanika, injini inakunywa oili ya gia! Ni ugonjwa mmoja!"

Mzee Sadiki aliushika ule mpira, akaunusa, akampa Wafula naye akanusa. Wazee wale wakatazamana. "Kikopo kama hii," akasema Mzee Sadiki polepole, "iko kwa yule wa spea karibu na msikiti." Wafula akajibu, "Twende wote."

Tulifunga kikopo kipya, tukajaza oili, tukawasha. Moshi ulizidi kwanza, maana oili iliyobaki ilikuwa bado inaungua, na mnunuzi wa vyuma, aliyekwisha kufika na mitungi yake, akatabasamu. Tabasamu hilo halikudumu. Moshi ulipungua, ukapungua, ukaisha. Mama Atim akashika usukani, mimi pembeni yake, wazee wawili wakabanana kiti cha nyuma, tukaupanda mlima wa Old Kampala. Gia ya kwanza ikaingia, ya pili ikaingia laini, gari likavuta mpaka juu. Mama Atim akapiga vigelegele hadi askari wa barabarani akageuka. Nyuma nikasikia Wafula akisema, "Mzee, ile jeki nitanyoosha." Na Mzee Sadiki, "Kale, sawa, lakini usinyooshe wewe." Nililia machozi, na sikuyaficha.

Mwanangu, nasaha yangu ndiyo hii. Magari ya leo hayana tena kile kikopo, na kimashine chako kitakuambia mengi. Lakini kabla hujatangaza kwamba kitu kimekufa, uliza kilianza kuumwa lini, na pamoja na nini. Kitu kikipotea, usiache kukitafuta mpaka ujue kimekwenda wapi. Na kama jibu liko kwa mtu usiyesemeshana naye, mfuate, hata kama wenzako wote wamenyamaza wanakutazama mgongo.

Mungu akupe mikono isiyochoka na jicho lisilodanganyika. Akuletee wateja wenye subira. Na siku utakapolazimika kuvuka njia peke yako, akutangulie upande wa pili.