Komeo la Ndani

Sokoni walimwita Fundi Komeo, na jina lilimkaa kuliko alilopewa na babaye. Alikuwa na sharti moja, aliloachiwa na mzee aliyemfundisha kazi: fundi hafungui mlango uliofungwa bila mwenye mlango kuwapo. Ukifungua leo kwa huruma, kesho mtu akiibiwa, wa kwanza kutazamwa ni wewe. Hata shemeji yake alipofungiwa nje, mvua ikimnyeshea, Fundi alimkopesha mwavuli, akaketi naye kumngoja mumewe.

Mwanawe wa pekee alikuwa mtumiaji wa unga. Vitu viliondoka nyumbani kimoja kimoja: redio, pasi, mwishowe patasi za kazi. Siku ya patasi Fundi alimshika mkono, akampeleka mwenyewe kituo cha polisi. "Mfungeni," alisema. "Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu." Mama mtu alikaa muda mrefu akimpakulia mumewe chakula bila kumsemesha.

Kijana alitoka jela amejaa mashavu, hagusi kitu. Fundi akamnunulia viatu vyekundu, akatembea naye sokoni kifua mbele. Dada yake Fundi, muuguzi, ndiye aliyemtilia mchanga furaha ile.

"Kaka, nisikilize. Mwili wake umesahau unga. Siku akirudia kipimo alichokiacha, utamzika. Apelekwe kliniki, wampe ile dawa ya kunywa kila asubuhi. Na asikae peke yake."

"Jela imemtibu."

"Jela imemkalisha tu. Mpeleke."

Alimpeleka. Kijana akaanza kwenda mwenyewe, hadi asubuhi moja alipokuta askari langoni mwa kliniki wakizoa watu kwenye foleni, kama mtu anayekamata kuku bandani. Aligeuza, asirudi tena. Baba aliyajua hayo. Akajisemea kwamba kijana ana afya, askari watachoka, wiki ijayo atamsindikiza.

Kabla wiki haijaisha, mchana mmoja, dada anayesafisha vyoo vya soko alifika kibandani mbio, dekio mkononi.

"Fundi, njoo. Mlango wa mwisho umefungwa haufunguki."

"Kuna mtu ndani?"

"Mi sijui. Njoo tu."

"Umenuna huo," mshona viatu wa jirani akadakia. "Ubembeleze."

Makomeo ya vyoo vile aliyatia Fundi mwenyewe, wanawake walipolalamika kwamba wahuni wanasukuma milango: chuma kizito, kwa ndani, kwa nje huna pa kushika. Siku ile alijisifu kwamba hata shetani atapiga hodi. Sasa akapiga hodi yeye. Hakuitikiwa; akadhani komeo limejifunga lenyewe mlango ulipobamizwa.

"Mwite msimamizi."

"Amekwenda kunywa chai. Fungua, Fundi, nakuomba."

"Dada yangu, sharti ni sharti. Wewe mwenye ufagio, si mwenye mlango." Akapindua ndoo, akaikalia. Yule dada alikuwa akilikamua dekio lililokwisha kukauka. Fundi alimwona, akacheka. "Utalitoa roho hilo dekio!"

Msimamizi akaja kwa mwendo wa aliyeshiba, kijiti mdomoni. Fundi hakutaka kuvunja. Aligonga pini za bawaba taratibu, moja baada ya nyingine, mlango usichubuke. Ulipoachia, kitu cha kwanza alichokiona ni kiatu chekundu.

Dada yake Fundi, yule muuguzi, aliitwa, akaja mbio na sindano ya kuamshia waliozidiwa na unga, akapiga magoti pale kwenye maji. Aliijaribu, akakandamiza kifua hadi jasho likamdondoka usoni. Kisha akaacha.

Askari walifika baadaye, na swali lao lile lile: nani amemuuzia? Wakamkamata mkono msafisha vyoo. Yeye alimgeukia Fundi.

"Nilimwona akiingia, baba. Nilijua ni wako. Yule aliyezidiwa humu mwaka jana, nilipopiga kelele asaidiwe, hawa walinilaza ndani wakaniita muuzaji. Ndiyo maana nikasema sijui. Nisamehe."

Mmoja wa askari alimkumbuka Fundi. "Mzee, si ndiwe uliyetuletea mwanao kwa mkono wako? Tusaidie na leo: muuzaji ni huyu?"

Fundi akasema, "Mwacheni. Huyu aliniita mapema. Mimi ndiye niliyekaa juu ya ndoo."

Walimwachia, kwa kuwa watu walishajaa mlangoni.

Baada ya maziko Fundi alirudi vyooni na bisibisi. Aling'oa makomeo yake yote, akatia mengine yenye mfuo kwa nje, ambayo sarafu tu inatosha kuyazungusha. Msimamizi akasimama nyuma yake.

"Fundi, pole sana. Lakini hapa unawarahisishia mateja."

"Hao wapo siku zote. Nawarahisishia wanaokuja kuwaokoa."

Msimamizi akaguna, akaondoka. Fundi alimwita yule dada, akamwonyesha: unatia sarafu hapa, unazungusha hivi. Akamjaribisha mara mbili, mkono wake ukazoea.

"Usimngoje mtu," alimwambia. "Hata mimi usiningoje."

Yule dada aliutazama mlango ukifunguka na kufungwa.

"Sawa, baba. Nitafungua. Na askari wakija?"

Fundi aliinama, akaendelea kukaza skrubu iliyokwisha kukazika.