Mrusi wa Benchi na Jina la Mwanangu

Mwanangu alikaa karibu mwezi mzima duniani bila jina kwa sababu baba yake alikuwa anamngoja Mrusi. Hospitalini walimfunga utepe mkononi ulioandikwa "mtoto wa", halafu jina langu. Utepe ule ulibaki mpaka ukaanza kumbana, nikaukata kwa mkasi wangu wa saluni.

Mume wangu ni mlinzi wa lango kwenye ukumbi wa michezo huko Midrand, Afrika Kusini. Timu moja ya basketi ilikuwa inafanyia mazoezi pale, na msimu ule walileta mchezaji wa kulipwa kutoka Urusi, mtu wa mita mbili na kitu, masikio mekundu, magoti yamezungushiwa bandeji kama mabomba yanayovuja. Kila asubuhi mume wangu alimfungulia lango. Kila asubuhi Mrusi alisema asante. Kwa mume wangu hiyo ilitosha kuitwa urafiki. Akaanza kumwita Gran, kama tunavyowaita wakubwa kwetu Uvira, Kongo.

Tangu hapo, kwenye chumba chetu cha kupanga mtaa wa La Rochelle, Johannesburg, hatukula tena kwa amani. Anakata bugali huku anasimulia. Kazi ya yule mtu niliishika kichwani kuliko Zaburi: alianza akiwa na miaka kumi na minne kwenye mji wa viwanda, theluji inafika dirishani, akaingia timu ya vijana, akasaini mkataba, akahamia timu ya pili, ya tatu, akavuka mpaka, akarudi, akavuka tena, mpaka akaishia Johannesburg.

"Mtu anayecheza vizuri anahamahama hivyo kwa nini?" nilimuuliza.

"Wewe basketi unaijua wapi, mama?"

"Basketi siijui. Nawajua wapangaji. Anayehama kila mwaka ana sababu."

Akacheka, akasema mimi nimesoma lakini michezo sikufundishwa. Siku zake za kupumzika, ambazo tulikuwa tumepanga kwenda kuandikisha ndoa serikalini, alikwenda kutazama mechi. Wazee wetu walishapokea mahari zamani, lakini karatasi ya nchi hii hatukuwa nayo, na kila tulipopanga siku, Gran alikuwa anacheza. Nasema tu anacheza. Mume wangu akirudi namuuliza amefunga mara ngapi.

"Leo kocha alimpumzisha."

"Na juzi?"

"Juzi pia alipumzishwa."

"Basi huyo si mchezaji, ni mgonjwa."

Nilipojifungua, aliinama kwenye kitanda cha hospitali, nikadhani anataka kunishukuru. Akasema mtoto ataitwa jina la Gran. Nikamwambia mtoto ataitwa jina la baba yangu. Baba yangu alikuwa fundi cherehani, ameshona sare za shule za nusu ya mtaa wetu, wengine bure, na amekufa bila kumwona mjukuu. Mume wangu akajibu kwa upole kabisa, na upole wake ndio ulionichoma:

"Jina la fundi cherehani litamfikisha wapi?"

Nyuzi za mshono wa uzazi zilikuwa hazijatolewa. Sikuweza kumfikia.

Kwetu mtu hapewi hivi hivi jina la mtu aliye hai. Mwenye jina anakuwa somo wa mtoto. Analeta nguo ya kwanza na kitenge cha mama, anampakata mtoto mbele ya watu, na katika ukoo wa mume wangu kuna la ziada: anamwambia mtoto jambo moja alilolifanya katika maisha yake, ili mtoto alirithi pamoja na jina. Mpaka hayo yafanyike, hakuna jina. Nami nilikubali kungoja, kwa hesabu yangu: Mrusi hatakuja. Hilo lilikuwa kosa langu. Alikuja.

Alikuja Jumapili baada ya ibada. Nilikuwa nimepika sombe ya majani ya muhogo na samaki, kwa sababu aibu ya chakula kibaya ingekuwa yangu, si ya mwenye wazo. Kanisa letu lilituma mama mzee mmoja ashuhudie, mama wa Bukavu ambaye amekaa mji huu miaka mingi na Kiingereza amekikataa. Mrusi alikunja shingo mlangoni, akatazama viti vyetu viwili vya plastiki, akachagua kitanda. Kitanda kikalia. Akatoa mfuko, na ndani ya mfuko jezi yake mwenyewe, imefuliwa lakini si mpya, pana kama turubai la muuza nyanya.

Mume wangu aliiinua kwa mikono miwili.

Mama mzee akaitazama mbele, akaigeuza, akaitazama nyuma. "Na kitenge cha mzazi?"

"Mama, kwao hii ndiyo kitenge."

"Basi kwao wazazi ni wakubwa sana."

Mtoto akawekwa kwenye paja la Mrusi, akawa kama mkate juu ya meza. Mume wangu akamwambia kwa Kiingereza chake cha langoni: mwambie mtoto umefanya nini kwenye basketi. Mrusi akafikiri, akasema maneno machache taratibu, naye mume wangu akamgeukia mama mzee.

"Anasema amecheza miaka kumi na mmoja mbele ya maelfu ya watu."

Mimi Kiingereza nakisikia. Wateja wangu saluni hunisimulia maisha yao yote kwa Kiingereza nikiwa nawasuka. Mrusi alikuwa amesema hivi: "Nimekaa benchi miaka kumi na mmoja. Kazi yangu ilikuwa kuwasukuma wenzangu mazoezini, ili siku ya mechi wawe wamezoea kusukumwa."

Nikamwacha mume wangu. Nilitaka kuona atafika wapi.

Mrusi akaendelea, maneno sita au saba.

"Anasema makocha wa nchi nyingi walimgombania," mume wangu akatafsiri, "na kila alipokwenda timu ilipanda, na hata sasa, pamoja na umri, wanamtegemea."

Mama mzee akaweka sahani chini. "Baba, huyu anasema kidogo, wewe unasema kingi. Kirusi kinavimba hivyo kikiingia kwenye Kiswahili?"

Mrusi hakuelewa, akatabasamu, akarudi kwenye sombe. Alikula vizuri, simnyimi hilo. Na katikati ya kula, bila kuulizwa, akamtazama mtoto na kusema kwamba naye ana binti, alimwona mara ya mwisho kabla hajaanza kutembea. Alisema kwa sauti ya mtu anayetaja kwamba nje kuna mawingu.

"Anasema nini?" mama mzee akauliza.

"Anasifu chakula," akasema mume wangu.

Hapo nikafungua mdomo. Nikatafsiri yote kuanzia benchi, neno kwa neno, kama nilivyofundishwa shuleni, bila kuongeza wala kupunguza. Mume wangu akawa anatazama jezi. Mama mzee alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, muulize. Huyo binti anaitwa jina la nani?"

Nikamuuliza. Mrusi akapandisha mabega. Mama wa binti aliolewa tena, akasema, sasa binti anatumia jina la baba wa kambo. "Ni rahisi zaidi hivyo." Akachukua tonge lingine. Halafu akaniuliza kwa nini tunaulizana habari za majina. Yeye alidhani ameitwa kwenye sikukuu ya kuzaliwa.

Hakuambiwa. Mwezi mzima mume wangu anamngoja mtu aje kumpa mtoto jina lake, na mtu mwenyewe hakuambiwa.

Mama mzee alinyanyuka, akamtoa mtoto kwenye lile paja, akanirudishia. Mrusi akamaliza samaki, akaomba maji, akasema asante, ile ile ya langoni.

Watu wameniambia kwamba angalau yule alisema ukweli. Sawa, aliusema. Mtu ambaye hana aibu na chochote, ukweli haumgharimu kitu. Baba yangu aliona haya hata mkunjo wa sketi ya mtoto wa shule ukipinda.

Jumatatu mume wangu alipokwenda kazini, nilimfunga mtoto mgongoni, nikapanda taksi, nikakaa kwenye foleni ya ofisi ya kuandikisha vizazi tangu asubuhi. Mwanamke wa dirishani akauliza kama nimeolewa. Nikamwambia kwa wazee ndiyo, kwa karatasi bado. Akasema basi sahihi yangu inatosha. Karatasi ya ndoa aliyoiahirisha mume wangu kwa ajili ya mechi ndiyo ingemkalisha pale dirishani abishane nami. Nikaandika jina la baba yangu kwa herufi kubwa, nikalisoma mara mbili, nikasaini.

Jioni nikamwekea cheti mezani, karibu na bugali.

"Umeninyang'anya mtoto," akasema.

"Mtoto huyo hapo, mpakate. Nimekunyang'anya Mrusi."

Mrusi aliondoka msimu ulipokwisha, sijui timu ya kumi na ngapi, na mume wangu amerudi kumfungulia lango mtu wa kuleta maji. Jezi niliipeleka saluni. Inafaa sana wakati wa kupaka nywele rangi, inamfunika mteja mpaka magotini, na namba yake haionekani tena kwa madoa.

Mume wangu akidhani niko uani ninaanika nguo, namsikia anamwita mtoto Gran. Mtoto hageuki. Nikiingia namwita jina la babu yake, na hapo pia hageuki, anatazama taa. Hainisumbui. Mimi namwita kila siku.