Mlango wa Dobini Siku ya Ukungu

Watu wakisikia kwamba shangazi yangu alifanya kazi miaka kumi na mmoja kwenye meli ya watalii, humuuliza kwanza habari za bahari. Yeye huwajibu kwamba bahari aliiona siku za mapumziko tu, kama wao wanavyoiona kwenye kalenda. Siku nyingine zote alikuwa dobini, sakafu mbili chini ya usawa wa maji, mahali pasipo na dirisha, kwenye joto la kuumulia unga. Juu yake kulikuwa na vyumba zaidi ya elfu, na kila chumba kilitaka taulo safi asubuhi na jioni. Mimi ni mtoto wa kaka yake. Yeye ndiye aliyenitafutia nafasi ya kukunja mashuka, na hakunipambia kazi yenyewe kwa maneno. Aliniambia, "Unaenda kuwauzia mikono, miguu na vidole kwa miezi tisa. Angalia urudi navyo."

Nilidhani ni mzaha, mpaka nilipouona mlango.

Tumbo la meli limegawanywa kwa kuta za chuma, ili ikitoboka mahali pamoja maji yasienee kote. Kwenye kila ukuta kuna mlango mzito unaoteleza kwenda kando, ukisukumwa na mashine. Wa kwetu ulisimama kati ya dobi na lifti ya mizigo. Sheria ilibandikwa hapo hapo: vuta mpini, ngoja mlango ufunguke wote, pita mikono mitupu. Nani ana muda huo? Tulifungua nusu, tukapita ubavu ubavu na matoroli yetu. Siku za kawaida ukiuachia mpini, mlango husimama pale pale, na hilo ndilo lililotuharibu. Siku ya ukungu nahodha hugeuza swichi huko juu, na kuanzia hapo mlango wowote ukiachiwa hurudi kujifunga wenyewe. Hauangalii nani yuko katikati.

Mwaka wake wa tatu, Shangazi alimwona fundi bomba akisahau kwamba kuna ukungu. Hakuwahi kunisimulia yote. Ukimchokoza sana alisema, "Alipanda meli na miguu miwili," kisha akaendelea na pasi zake. Tangu hapo, honi ya ukungu ikianza kulia alikuwa akifuta viganja kwenye aproni, anafuta na kufuta tena, wala hausogelei ule mlango.

"Mama Pasi, mlango umekukosea nini?" wenzake walimtania.

"Bado haujanikosea. Na sitaki uanze."

Aliyekuwa hacheki ni msimamizi wetu. Tulimwita Bwana Haraka, mtu mwembamba anayekula wima, redio ya mkononi imening'inia begani kama mtoto asiyeachishwa ziwa. Alikuwa ameshamwandikia Shangazi barua mbili za onyo kwa kukataa kupita siku za ukungu. Ya tatu ingemshusha bandari ya kwanza tutakayofika, na mtu aliyeshushwa hivyo haitwi tena na meli yoyote. Shangazi alikuwa amebakiza miezi minne, baada ya hapo aende nyumbani afungue dobi yake mwenyewe. Chumba alishakipata. Sasa dobi asiye na kazi angalau ana mikono, lakini dobi asiye na mkono ni nani? Hesabu hiyo aliifanya kila honi ilipolia.

Asubuhi moja, saa nne, ikalia. Kule chini honi huisikii masikioni, unaisikia kwenye meno. Bwana Haraka akaingia mbio.

"Wageni wote wamekimbia baridi, wamejazana kwenye bwawa la ndani, na taulo zimekwisha! Nataka toroli mbili kwenye lifti sasa hivi."

Watu kumi na wanne tukaanza kukagua sakafu. Yeye akamtazama mmoja tu.

"Mama, ni kazi ndogo tu. Leo unapita au nichukue kalamu?"

"Nitapita mimi," nikasema.

Shangazi akanigeukia. "Wewe kaa hapo. Nikamwambie nini baba yako?" Kisha akafuta viganja, akamwendea msimamizi. "Bosi, tuelewane. Nitapita. Lakini mpini utaushika wewe, kwa mikono miwili, na hutauachia mpaka uone toroli iko ng'ambo."

"Mimi tena?"

"Si umesema ni kazi ndogo? Basi itutoshe sote wawili."

Bwana Haraka akatazama saa ya ukutani, akashika mpini.

Kengele ya mlango ikaanza kulia, chuma kikateleza. Toroli ya kwanza ikapita salama. Shangazi akarudi kuchukua ya pili, akaivuta akitangulia kinyumenyume, macho yake hayatoki kwenye ile mikono miwili. Alikuwa katikati kabisa redio ilipoita.

"Zinakuja, zinakuja!" Bwana Haraka akajibu. Mkono mmoja ulikuwa umekwenda begani, na wa pili ukaufuata.

Mlango ule haukimbii. Huja taratibu, kama mtu anayejua utamngoja. Nilipiga kelele, sijui nilisema nini. Mtu yeyote kati yetu angeivuta toroli, maana ukiishika kazi, mkono hukataa kuiachia, na nadhani ndivyo ilivyompata fundi bomba. Shangazi aliachia kila kitu, akajitupa nyuma. Toroli ikabaki. Vyuma vyake vikapinda vikilia, taulo nyeupe zikabanwa mpaka zikawa nyembamba kama chapati, na kati yetu na yeye ukabaki ufa usiopitisha kichwa.

"Shangazi!"

Honi ikapiga, ikaisha.

"Shangazi!"

"Vipo vyote," sauti ikatoka ng'ambo. Halafu ikaongeza, "Ngoja kwanza, nihesabu tena."

Tulipoufungua mlango tulimkuta ameketi sakafuni, mgongo kwenye mlango wa lifti, kiatu kimoja hakipo, vidole kumi amevitandaza mbele ya uso. Bwana Haraka akachuchumaa karibu yake. Alijua kwamba kule juu taa ya mlango wetu ilishawaka nyekundu, na afisa wa usalama alikuwa njiani.

"Mama, nisikilize. Sema ulipita peke yako, mpini ukakuponyoka. Barua zako zote mbili nitazichana leo hii."

Nilimwona Shangazi akifikiri. Kupita peke yako na mzigo siku ya ukungu hakuandikiwi barua. Unafungasha nguo.

"Bosi," akasema, "barua mbili hazinifukuzi. Hicho unachoniuzia ndicho kinachonifukuza."

"Nina watoto, mama."

"Na mimi nina mikono."

Afisa alipofika, Shangazi alimweleza jinsi ilivyokuwa, bila kuongeza chumvi na bila kupunguza. Kwa siku tatu hakula cha maana, kwa sababu huko juu walikuwa wakiamua nani ashuke. Bandari iliyofuata akashuka Bwana Haraka. Afisa akarudi dobini na karatasi: Shangazi ndiye msimamizi.

Wenzangu walipiga makofi. Yeye alinivuta pembeni.

"Nilikuwa naogopa kwa ajili ya mtu mmoja," akaninong'oneza. "Sasa niogope kwa ajili ya watu kumi na wanne? Akisahau mmoja, ni mimi niliyemtuma."

Hakukataa, ila aliweka sharti. Ukungu ukiwepo, dobi haitoi hata leso, na liandikwe.

"Na wageni wakikosa taulo?" afisa akauliza.

"Wajianike."

Afisa akacheka, akaandika, akatia sahihi. Akamwonya kwamba karatasi hiyo inamfunga yeye afisa peke yake. Meneja wa huduma za wageni ni mtu mwingine, na ana kalamu yake.

Ukungu mwingine ulikuja baada ya siku tisa. Honi haijapiga mara tatu, simu ya ukutani ikaita. Ikakatika, ikaita tena. Shangazi akaichukua kwa mikono miwili.

"Dobi."

Tuliisikia sauti ya meneja kama nyuki ndani ya kopo.

"Hapana, bwana. Ndiyo, najua wako wangapi. Andika tu, bwana, mimi siwezi kukuzuia kuandika." "Basi shuka uzichukue taulo mwenyewe. Njoo mpaka mlangoni, mimi nitakushikia mpini."

Simu ikakatwa huko juu. Shangazi akajaribu kuirudisha mahali pake ukutani, akakosa, akajaribu tena, akakosa. Nikamwendea, nikaishika naye mpaka ikakaa.