Nyasi Zilizochomwa Kirushya

Hadi leo nikisikia mtu anasema ati wakimbizi walikuja Ngara kutuharibia tu, damu inanichemka. Miti iliisha kwa kuni, sikatai. Lakini kuna mmoja niliyemleta mwenyewe shambani kwetu Kirushya, na huyo nitamtetea mpaka nife.

Alikuwa mama wa watoto wawili, anatoka kambini asubuhi kutafuta kibarua. Lugha yake na Kihangaza chetu zinakaribiana, tukaelewana. Mama mkwe wangu, mwenye shamba, alimpa kazi ya kupalilia migomba, na badala ya ujira akamkatia kipande pembeni apande maharage. Yalianza kuweka maganda. Aliniambia wanawe wamechoka na unga wa mgawo, sasa watakula chakula kilicholimwa na mama yao.

Kiangazi kilikuwa kinaingia. Siku moja mimi na mama mkwe tulitoka sokoni tukakuta migomba iko uchi. Nyasi zote tulizotandaza mashinani zishike unyevu, mgeni wangu amezikusanya, amezichoma, shamba amelifagia jeupe. Na anatabasamu, anangoja asante!

Mama mkwe akapiga yowe. "Ametuulia migomba huyu! Makusudi!"

"Hapana, mama! Nyasi zinafuga wadudu. Maji yapo chini."

Akaeleza mbiombio. Kwao ni juu mlimani, ubavuni mwa msitu wa hifadhi, baridi hata mgomba haumei. Wanalima viazi kwenye majivu ya volkano. Udongo mweusi, mwepesi kama unga, ukikanyaga mguu unazama. Jua liwake litakavyo, ukifukua kidogo unakuta unyevu, ukiuminya unateleza kiganjani. Huko nani ahangaike kufunika ardhi kwa nyasi?

Ili tumwamini akapiga magoti, akafukua kwa mikono. Udongo wetu mwekundu ukatoka mkavu, changarawe tupu. Akafukua zaidi. Akauminya, ukamponyoka vumbi. Akanitazama mimi.

"Dada, maji yako wapi?"

Hivi jamani, mtu mwenye nia mbaya huuliza hivyo? Hakuna aliyemwambia nyasi zile ni za nini. Kwetu hata mtoto anajua, basi tukadhani dunia nzima inajua!

Mama mkwe hakutaka kusikia. Alimfukuza palepale, kipande akamnyang'anya. Mgeni njoo mwenyeji apone, tunasema, kumbe ni mdomo tu! Na mimi, mkamwana mgeni katika nyumba ile, niliinamisha kichwa. Nilikuwa nimemwelewa neno kwa neno na sikufungua kinywa.

Migomba yenyewe wala haikufa. Ilinyong'onyea, mvua ziliporudi ikasimama.

Lakini maharage yalikomaa kabla ya mvua hizo. Nilitumwa kuyavuna, nikayavuna. Nikayapika na ndizi, mama mkwe akayasifu. Kule kambini watoto wale wanakoroga unga wa mgawo, na mimi, nakwambia, nikaongeza sahani ya pili.